Raba Nyeupe za Mama Nafula

Mjukuu wangu, nimesikia kesho unakwenda kukimbia kwa ajili ya watoto wagonjwa. Kaa hapa kidogo. Nakumbuka asubuhi moja ya miaka ya sabini, nilipokuwa karani mjini, mwembamba, mwenye mbio na majivuno yake. Usicheke.

Kanisa letu la Waithaka liliandaa mbio kutoka Uthiru hadi Uhuru Park, kuchangia watoto wenye saratani. Jirani yangu Mama Nafula, muuza mboga, alikuwa na binti katika wodi yao. Nafula alikuwa na miaka saba, na alishawatangazia wagonjwa wenzake wote kwamba mama yake atakimbia. Wenye nguvu wangeletwa bustanini kutazama.

Basi Mama Nafula, mnene wa watu, ambaye hakuwahi kukimbia tangu aolewe, akanunua raba nyeupe. Akampelekea Nafula azione, kisha akazifungia sandukuni. Nilimsihi azizoee kwanza, akaniuliza kama nina wazimu, raba nyeupe kwenye tope la Waithaka! Zilivaliwa mara ya kwanza siku yenyewe.

Tulitoka nyumbani pamoja. Filimbi ilipolia, nikachomoka. Kufika Westlands nilikuwa mbele ya wasichana wote. Hapo Mzee Wekesa, mzee wa kanisa letu, alikuwa akigawa maji. Nikanyoosha mkono, hakunipa.

"Mama Nafula umewacha wapi?"

"Yuko nyuma, mzee. Anakuja."

"Sisi kwetu hata mgeni tunasindikiza mpaka njia panda. Wewe umetoka na jirani yako nyumbani, sasa unakimbia na nani?"

Jibu nilikuwa nalo, maana ulimi wangu unaujua. Lakini alinipa vikombe viwili na kunionyesha nilikotoka, nikarudi. Maji yalimwagika karibu yote njiani.

Nilimkuta karibu na Kangemi, ameketi kando ya barabara, raba mkononi, visigino vimechubuka vibaya. Alikuwa akilia.

"Si miguu," aliniambia. "Nafula sasa ataambia wenzake nini?"

Nikamshika mkono tukatembea, yeye miguu mitupu. Wazee walitupita, hata watoto wa shule wakatupita. Tulipoiona bustani, akaketi tena na kuvaa raba zake juu ya vidonda.

"Hapa niachilie. Nilisema nitakimbia."

Akakimbia, mwanangu! Leso inamponyoka, uso umekunjamana kwa maumivu, nami nyuma yake nalia na kucheka. Nafula, kitambaa kichwani, hakupiga makofi. Aliwageukia wenzake tu.

"Si niliwaambia?"

Krismasi ya mwaka ule haikumkuta Nafula. Kwa miaka mingi, kilio kilipomzidi mama yake, alinishika mkono na kusema, "Lakini aliniona." Nami nilimshukuru Mungu kwamba Mzee Wekesa alininyima maji.

Kwa hiyo kesho kimbia kwa nguvu zako zote, sikukatazi. Ila mara moja moja geuza shingo umtazame uliyetoka naye. Ukimwona ameketi, rudi, hata kama wa mbele ni wewe. Na viatu hivyo vipya, mjukuu wangu, vivae leo jioni uzunguke navyo uani.

Mungu akupe miguu myepesi. Na siku miguu hiyo itakapochoka, akupe mtu wa kukurudia.