Nikahi Iliyokatikiwa

Mtaani kwao Mtongwe, waifai ikizimika watu walimtafuta Ismail. Alikuwa ameajiriwa na kampuni ndogo ya intaneti yenye ofisi Likoni, na kwa miaka kadhaa kazi yake ilikuwa kupanda mapaa ya watu kuvuta waya. Kisha mkuu wake, Gladys, akanunua programu ya kutoza wateja: kila nyumba itumiwe bili kwenye simu, na isiyolipa ikatwe bila mtu kuhangaika. Alipouliza ofisini ni nani awezaye kuipanga, Ismail aliinua mkono kabla swali halijaisha. Alikuwa amechoka na jua la juu ya mabati.

Gladys akamwambia aanze na Mtongwe pekee. "Na maelekezo uyasome yote kwanza."

"Nimeshayasoma, madam."

Alikuwa amesoma ukurasa mmoja. Alipofika pa kupanga tarehe, alifikiri hivi: watu wa bandarini na wa viwandani hulipwa mwisho wa mwezi, basi na bili zitoke mwisho wa mwezi. Akaandika 31, akabonyeza, akaenda kunywa chai. Chini kidogo ya pale palikuwa na chaguo jingine, "siku ya mwisho ya mwezi", lakini hakushuka kulitazama. Machi ilipokwisha bili zilitoka kama alivyotaka, na Gladys akamsifu mbele ya wenzake.

Aprili haina tarehe thelathini na moja. Mwezi ukaisha, programu ikaitafuta siku ile isiione, na Mtongwe nzima haikupata bili.

Aliyegutuka alikuwa Bi Mwanasaumu, jirani yake Ismail ukuta kwa ukuta. Mumewe, Mzee Mwidani, alikuwa kazini Maskati miaka mingi, na intaneti ile ndiyo iliyokuwa ikimleta nyumbani kila jioni. Bi Mwanasaumu alikuwa mtu wa kulipa mara bili iingiapo. Hakupenda jina lake litajwe kwa deni. Akamkuta Ismail kichochoroni.

"Mwanangu, mbona mwezi huu sikuletewa bili? Nisije nikadaiwa."

"Usijali, mama. Ikija utalipa."

"Una hakika?"

"Si mimi niliyeipanga?"

Akapita zake. Swali lile lilimfuata hadi kona ya msikiti, kisha likamtoka.

Siku ya mwisho ya Mei iliangukia Jumapili, na ndiyo siku aliyoozwa Nasreen, binti wa mwisho wa Bi Mwanasaumu. Bwana harusi alikuja na wazee wake kutoka Kisauni. Mzee Mwidani hakupata ruhusa kazini, kwa hivyo alimpa nduguye uwakala wa kuozesha. Yeye mwenyewe aliomba jambo moja tu: asikie. Ismail aliitwa mapema akafunga runinga ukumbini, akaiunganisha, na uso wa mzee ukajaa kioo kizima, amevaa kofia ya viua kama aliyemo mle mle.

Shehe akaanza khutba. Hakufika mbali. Runinga iliganda, kisha ikawa nyeusi.

Vichwa vyote vikamgeukia Ismail. Alitoa simu akafungua programu, na hapo akaona nyumba zote za Mtongwe zimewekwa alama nyekundu. Bili ya Aprili na ya Mei zilikuwa zimetoka pamoja siku ile, na kanuni aliyoiweka kwa mkono wake ilisema mwenye deni la miezi miwili akatwe papo hapo. Hakuhitaji kuelezwa na mtu.

Mzee Abdulaziz, ami yake bwana harusi, alikuwa ameketi kando ya Ismail akichungulia simu. Akasoma kwa sauti kubwa, kama wasomavyo watu wenye masikio mazito: "Imekatwa. Hajalipa miezi miwili."

Neno likapita jamvini hadi chumba cha wanawake. "Miezi miwili, na harusi yote hii!" mtu akasema.

Bi Mwanasaumu akatokeza mlangoni, leso kichwani. "Nimelipa kila nilicholetewa, wallahi." Kisha akamtazama Ismail. Angeweza kusema, si nilikuuliza? Hakusema. Alimngoja yeye aseme.

Ismail akafungua kinywa. "Mfumo unaonyesha hivyo, mama. Ngoja niangalie."

Bi Mwanasaumu akarudi ndani.

Kijana mmoja alijaribu kumpigia Mzee Mwidani kwa bando lake, isishike. Shehe naye alikuwa akingojwa kwenye nikahi nyingine mtaa wa Shika Adabu, akasema ndoa haiwezi kungojea runinga. Maneno yakasomwa, bwana harusi akakubali, vigelegele vikapanda. Ismail akabonyeza simu hadi laini ikarudi, halua ikipitishwa. Mzee Mwidani akatokeza, ameisogelea simu yake hadi kioo kimejaa pua na jicho moja.

"Bado?" akauliza. "Shehe yuwapi?"



Ismail hakugusa pilau. Kesho yake alimweleza Gladys yote, na habari ya maelekezo asiyoyasoma. Gladys hakumkaripia. Alivuta kiti, wakaibadilisha tarehe pamoja, wakaiondoa na ile kanuni ya kukata. Kisha akamwambia ampigie simu kila mteja wa Mtongwe.

"Niseme kampuni imekosea?"

"Aliyeandika thelathini na moja ni kampuni?"

Jioni alikwenda kwa Bi Mwanasaumu. Alikuwa ameyapanga maneno mengi. Hakumaliza hata robo.

"Mimi niliyajua palepale, mwanangu," akasema. "Kawaambie wasioyajua."

Akavuka hadi Kisauni. Alimkuta Mzee Abdulaziz barazani na nduguze, wakinywa kahawa. Akatoa salamu, akasema akiwa amesimama, "Bi Mwanasaumu hakuwa na deni. Kosa lilikuwa langu, na nililijua nikiwa nimeketi kando yako."

Mzee akaweka kikombe chini. "Ulijua, ukaniacha nisome?"

"Niliona haya, mzee."

"Ukaona haya, ukamvika mama wa watu!" Akavaa miwani, akaitafuta namba ya Bi Mwanasaumu ili amtake radhi, asimwangalie tena Ismail.

Likabaki la Maskati. Aliporudi Mtongwe, Bi Mwanasaumu alimpigia mumewe, akampa Ismail simu. Mzee Mwidani alimsikiliza hadi mwisho.

"Yashapita," akasema. "Lakini wewe ulikuwa umekaa karibu. Hebu nihadithie. Kijana alikubali kwa sauti gani? Alitetemeka?"

Ismail akajaribu kukumbuka. Hakuona kitu ila alama nyekundu na kidole chake kikibonyeza.

"Sikusikia, mzee."

"Hata wewe!" mzee akasema. "Nipe mama Nasreen."

Bi Mwanasaumu akaipokea simu, akaketi, akaanza kuhadithia tangu asubuhi: nani aliyemfunga bibi harusi leso, wageni walivyoingia, bwana harusi alivyokohoa mara mbili kabla ya kujibu. Ismail alisimama karibu na mlango, hajui kama ameruhusiwa kuondoka, akasikiliza.