Kamera Mbili na Jicho la Kulia

Dada yangu aliniruhusu nimpige picha siku moja tu, na kwa masharti yake. Isiwe kwa simu. Katika harusi moja, alipokuwa ameketi uani bila mtandio miongoni mwa wanawake wenzake, mtu alimpiga picha kwa simu, nayo ikafika hadi kwa watu wa Kinango asiowajua. Tangu hapo kila aliyemwinulia simu alifukuzwa. Alitaka kamera ya zamani, ya filamu, ambayo ukanda wake unaweza kutiwa mkononi mwa mwenye sura.

"Nikishaushika," alisema, "hakuna wa kunitembeza tena."

Mama yetu hakuacha picha. Watu wa kijijini kwetu Munje husema kwamba dada amechukua sura yake, hasa anapokaza midomo. Sikuhitaji kuambiwa, mama alipofariki nilikuwa mtu mzima, na uso wake naukumbuka. Lakini dada amekwisha kupita miaka themanini. Kama ningeiharibu siku hiyo, uso huo usingebaki popote isipokuwa kichwani mwangu, na kichwa cha mzee ni ushahidi dhaifu.

Niliamua kutafuta kamera ya aina niliyojifunza kuitumia katika chuo cha ualimu. Ukichungulia katika kitundu chake, unaona katikati vivuli viwili vya kitu kimoja. Unazungusha pete ya lenzi, vivuli vinakaribiana. Vikiungana, picha itatoka kali, na pete inakuonyesha ni mita ngapi kutoka ulipo hadi kwenye kitu hicho. Niliipenda kwa sababu haimtaki mtu aamini neno la mwingine. Inamtaka aone.

Ya kwanza niliikuta Ukunda, katika duka la mama mmoja wa bara anayeuza vyombo vya wageni wanaohama nyumba zao za Diani. Ilikuwa inang'aa, ndani ya mkoba wake wa ngozi.

"Hii ni ya Ujerumani, mzee. Orijino. Kila mtu anasema iko sawa."

"Nani ameipigia picha?"

"Watu wanasema tu, mzee."

"Watu hao wako wapi?"

Nikatoa mfukoni utepe wa fundi cherehani, nikailenga bawaba ya mlango, nikazungusha pete hadi vivuli vikaungana. Pete ilisema mita moja na nusu. Nikanyoosha utepe: mita mbili. Nikarudia mara tatu, na mara tatu zote kamera na utepe havikukubaliana.

"Mzee, unanunua kamera ama unapima shamba?"

"Kamera hii ni mbovu," nikamwambia, nikatoka. Sikuona sababu ya kuongeza neno.

Ya pili ilikuwa Msambweni, kwa mzee mwenzangu aliyekuwa na studio kando ya barabara kuu kabla simu hazijamfungisha. Kamera yake ilikuwa imechubuka pembe zote. Aliitoa katika kopo la biskuti lililojaa mchele uliokaangwa bila mafuta hadi ukawa rangi ya kahawa.

"Huu nao ni wa nini?"

"Wa kunywa unyevu, mwalimu. Hapa tunaishi na bahari. Kila mvua zikiisha naukaanga mwingine. Kamera ukiilaza kwenye ngozi yake ndani ya kabati, lenzi itaota kuvu kama mkate."

Niliyasikia maneno hayo kama ninavyoyasikia maneno yote ya wauzaji. Nikatoa utepe, nikalenga kitasa cha dirisha. Pete ilisema mita moja na nusu. Utepe ulisema karibu mbili.

Kamera mbili, za viwanda viwili, zilizotunzwa kwa njia mbili, zilikuwa zimekosea kosa lile lile. Vilivyokuwapo Ukunda na Msambweni pia vilikuwa viwili tu: utepe na mimi.

Mwenzangu aliichukua kamera, akachungulia, akazungusha. "Mbili kasoro kidogo," akasema. Utepe ulimuunga mkono. "Jaribu kwa jicho la kushoto."

"Jicho langu la kulia halina neno."

"Jaribu, mwalimu. Kamera haitamwambia mtu."

Nilijaribu. Kwa jicho la kushoto vivuli viliungana mahali pake, na pete ikakubaliana na utepe. Hospitalini baadaye niliambiwa ni mtoto wa jicho, tena wa siku nyingi, naye humwonyesha mtu kivuli cha uongo kando ya kile cha kweli. Kwa muda usiojulikana nilikuwa nimewasahihisha watu kwa jicho hilo.

Kabla ya kununua nilirudi Ukunda, kwa kuwa nilikuwa nimelitolea shutuma duka la mtu bila ushahidi halali.

"Mzee, si ulisema ni mbovu?"

"Nilisema. Nilikosea. Naomba radhi, na naomba niipime tena."

Akanitazama, akaisukuma juu ya meza. Kwa jicho la kushoto pete ilisema kweli. Ndipo nikafungua lenzi na kuimulika kwa tochi kutoka nyuma. Ndani ya kioo, kuanzia ukingoni, kulikuwa na nyuzi nyeupe zilizotawanyika kama mizizi ya nyasi. Nilimwonyesha kuvu hiyo, nikamweleza kopo la mchele la Msambweni. Alichungulia, akauweka mkoba wa ngozi kando, akaniuliza bei ya mchele. Nikarudi Msambweni, nikanunua ile iliyochubuka.

Siku ya picha, dada aliketi uani kwake Munje, mtandio umekaa sawasawa, midomo imekazwa. Alikuwa mama yetu kabisa. Jicho la kushoto nililiamini, lakini nilinyoosha utepe pia, kutoka kwenye lenzi hadi chini ya jicho lake.

"Unanipima kanzu au sanda?"

"Tulia, dada."

"Nimetulia miaka themanini. Wewe ndiye umechelewa." Akacheka hadi mabega yakatikisika, na kidole changu kikabonyeza. Baada ya hapo alijikaza, nikampiga nyingine kumi na moja kwa utaratibu niliokuwa nimeukusudia.

Mwenzangu wa Msambweni aliisafisha filamu na kutoa picha ndogo za kuchagulia. Zote zilikuwa kali. Nilimpelekea dada kila kitu kama tulivyoagana. Alizitazama moja moja, akaishika ile ya kicheko, akaomba mkasi, akakata kipande chake cha filamu. Kilichobaki alikitia jikoni, penye makaa, pamoja na picha ndogo zake. Moshi wake ulinuka vibaya.

"Dada, zile ndizo zilizofanana na mama."

"Najua. Mama alikaza midomo kwa shida zake, mdogo wangu. Mimi niliikaza kwa sababu ulisema nitulie."

Sikubishana naye, makubaliano yalikuwa makubaliano. Kipande kile kilikwenda Msambweni, kikatolewa nakala moja, kikarejea mkononi mwake siku hiyo hiyo. Nakala ninayo. Haifanani na mama. Nimeitazama kwa kioo cha kukuzia, na kope za dada zinahesabika.