Kamanda wa Mtaro

Juzi mpwa wangu alikuwa akicheza vita vya zamani kwenye kompyuta, akishindana na watu asiowajua. "Anti, watu wangu wanaisha!" alilia. Nikatazama. Alikuwa amewajaza askari wake ndani ya handaki, na adui anawamaliza kutoka juu.

Hata mimi utotoni niliwahi kuongoza jeshi hivyo, kule Giakanja, kwenye mtaro wa zamani uliopita upande wa chini wa shamba la nyanya yangu, tuliyemwita cucu. Niliamini ulichimbwa kuwakinga watu wetu wakati wa vita vya uhuru, basi nikawaingiza wenzangu humo. Udongo ulinuka mvua na maganda ya kahawa yaliyooza. Watoto wa jirani wakasimama ukingoni na kutunyeshea njugu za makadamia mbichi, ngumu kama mawe, na nikasikia jinsi zinavyolia zikigonga vichwa. Mdogo wangu alipasuka paji la uso, damu ikamjaa machoni, akaanza kupanda akimbie.

"Hakuna kutoka!" nilipaza sauti.

Cucu alikuja mbio na jembe mkononi. Adui wakatoroka.

"Nani amesema hakuna kutoka?"

"Ni mimi, cucu. Mimi ndio kamanda."

Alinichapa kofi moja, kisha akaketi chini ukingoni mwa mtaro. Nilidhani amekasirika kwa sababu tumeshindwa.

Siku hizi najua. Mtaro ule, uliokizingira kijiji kizima, aliuchimba yeye, akiwa msichana wa umri wangu wa siku ile, askari wa mkoloni amemsimamia na kiboko, ili yeye na mama yake wasitoke.