Chumba cha Mama Kilifutwa Kwenye Ramani, Nami Nilisema Sawa

Ukurasa wenu naufuata kutoka Butembo, na leo ni zamu yangu kusema. Ficheni jina langu, maana kaka yake mume wangu naye yumo humu anasoma. Nina miaka thelathini na tisa, ndoa ya kanisani, watoto wanne, nauza vitenge sokoni. Kisa changu ni cha ramani ya nyumba, na najua mtakiona kidogo. Someni kwanza.

Mama yangu alikimbia kijiji chetu upande wa Beni miaka miwili iliyopita, siku wauaji walipoingia mashambani na mapanga wakamuua mdogo wangu. Alifika kwangu na kitenge kimoja na sufuria. Lakini kwetu mama mkwe halali nyumba moja na mume wa binti yake, hapiti sebuleni kwake wala hatumii choo chake. Ni heshima, sibishi. Basi tangu siku hiyo analala jikoni kwa mjane mmoja wa parokia yetu, kati ya magunia ya makaa. Asubuhi anakohoa mpaka anashika ukuta.

Tulipopata kiwanja nilichukua daftari la mtoto nikachora nyumba mwenyewe. Vyumba vitatu, sebule, na nyuma kabisa chumba cha mama: mlango wake wa nje, choo chake, ukuta usiogusana na wetu. Nilimwonyesha katekista, akasema hapo mila haijaguswa hata kidogo. Mume wangu naye akasema ni vizuri.

Huku kwetu, kabla ya kuchimba msingi, fundi anapiga vijiti na kuvuta kamba ardhini, nyumba nzima kwa kipimo chake, kisha ukoo unakuja kutembea ndani na kutoa maoni huku wakinywa kasikisi, ile pombe yetu ya ndizi. Wakaja. Wifi yangu akasema sebule ni ndogo, makochi hayatageuka. Shangazi akataka dirisha la jikoni lihame. Hayo nilicheka nao. Mama alikuja pia, akazungukia nyuma ili asikutane na mkwe wake uso kwa uso. Alipofika kwenye chumba chake akavua kandambili penye kamba ya mlango, akaingia peku, akasimama katikati ya udongo mtupu akitabasamu.

Ndipo akaja kaka mkubwa wa mume wangu, sote tunamwita Yaya, yaani mkubwa wetu. Alikuwa na chupa mkononi, anaruka kamba ovyo kama hakuna ukuta. Akauliza chumba cha nyuma ni cha nani. Mume wangu alijimiminia kasikisi, nikajibu mimi. Yaya akatema mate palepale, karibu na miguu ya mama.

"Mama mukwe mu parcelle ya mukwe? Hapana, ile ni haya. Batu batatucheka. Mutoe iyi chambre, donc muweke toilette ya bageni."

Wote wakaitikia kwa vichwa kwamba chumba kitoke, kije choo cha wageni, mume wangu akiwa wa kwanza. Yaya akanigeukia akaniuliza mimi nasemaje.

"Iko sawa, Yaya," nikasema.

Hilo ndilo ungamo langu. Hakuna aliyenishika koo. Niliogopa kuitwa mwanamke wa kichwa kigumu mbele ya ukoo, nikamuuza mama yangu kwa maneno matatu. Fundi akang'oa vijiti. Mama akavaa kandambili zake akaniambia polepole, "Isikusumbue, mwana wangu. Kule ku cuisine ya ule mujane nimeisha zoea."

Mwezi uliopita vita vikafika Manguredjipa, nyumbani kwao mke wa Yaya. Mama mkwe wa Yaya akakimbilia Butembo, na kwa mila ileile hawezi kulala kwa Yaya. Mnadhani bwana huyo alifanya nini? Alikwenda kiwanjani kwetu akamwagiza fundi arudishe vijiti. Chumba cha nyuma kimerudi, mlango wa nje umerudi, na choo chake. Ni cha mama mkwe wake, kwa kuwa nyumba ya mdogo wake si nyumba yake. Niliambiwa na fundi, si na mume wangu.

Nilimuuliza mume wangu kwa nini mama hao wawili wasilale humo pamoja. Aliendelea kuchokonoa meno. "Yaya anasema ni kidogo kwa bamama babili. Mais mama yako, ye ameisha zoea kule."

Tangu siku hiyo mkono wake ukinigusa nausukuma. Chakula namwandalia nikigeuza uso. Nimechoka na neno mila kwenye vinywa vya watu wanaolikunja kama turubai na kulikunjua siku mvua inapowanyeshea wao.

Na mimi mwenyewe najichukia. Nilikwenda kumwona yule bibi, mama mkwe wa Yaya. Miguu imevimba kwa mwendo, hajui lolote, akanishika mikono akanibariki kwa ajili ya chumba. Moyoni nilitamani asingefika hai. Nilipomsimulia mama, alisema nimpokee tu, naye ni mama wa mtu.

Fundi anaanza msingi Jumatatu. Nikikubali, kila siku nitasikia mwanamke mwingine akifungua mlango niliomchorea mama. Nikikataa, nitakuwa nimemfukuza mzee aliyekimbia panga, na nitakuwa sina tofauti na Yaya. Au niwachukue watoto nikapange chumba na mama, ndoa ibaki na huyo mwanaume na kaka yake? Msiniambie mama atanisamehe. Alishanisamehe palepale kwenye vijiti, na ndiyo maana nashindwa kumtazama. Nyinyi mlio na mama bado, nishaurini: Jumatatu asubuhi nisimame wapi?