Studio ya Mama wa Baba Dogo

Jumamosi, kwenye kibanda cha fundi wa simu hapa mtaani Baba Dogo, mama mmoja aliyevaa ovaroli ya kiwandani alileta simu yenye kioo kilichopasuka.

“Kuna wimbo wa kwaya yetu ndani. Usiufute.”

Fundi alibadilisha kioo, kisha akaujaribu wimbo. Ngoma, gitaa, sauti za akina mama. Sisi tuliokuwa kwenye foleni tukasogea karibu.

“Mlirekodi studio gani, mathe?” fundi akauliza.

“Studio ni hiyo umeshika. Zamani programu hii ya kurekodi muziki ilitaka kompyuta, na bei yake ilinishinda. Sasa iko kwa simu, nalipia mwezi kwa mwezi. Wimbo nimeutengeneza saa za lanchi.”

Tulipiga makofi. Viwanda vyetu hapa hutengeneza bidhaa zenye majina ya wengine. Wimbo huu una mwenyewe, na tunaishi naye mtaa mmoja.