Ushauri Nilioutoa Kwenye Foleni ya Maharagwe

Katika fakilti yetu ya chuo kikuu, mwaka wa tatu ndio ulikuwa mwaka wa kuchagua. Miaka miwili ya kwanza ulifuata kozi zote ulizopangiwa. Mwaka wa tatu ulichagua kozi moja ya hiari, na profesa wa kozi hiyo ndiye aliyesimamia memwari yako, kile kitabu kidogo cha utafiti ambacho bila hicho diploma huipati. Ukikosea profesa, umekosea yote.

Kwa hiyo kila mwanzo wa mwaka, wakati ule wa vita, maoni yalitembea, hasa mchana, kwenye foleni ya maharagwe nyuma ya mgahawa wa wanafunzi.

"Ule prof anatoaka pointi kama anagawa karanga."

"Ule mwingine, ukichelewa dakika tano, unabaki inje."

"Kozi ya saa tisa usichukue. Barabara zinafungwa jioni, utafika nyumbani namna gani?"

Hayo yalisemwa kwa sauti. Kwa sauti ya chini liliulizwa swali moja tu: "Ni wa wapi?" Sote tulijua haliulizi mkoa. Lilikuwa linauliza kama profesa ni Mhutu au Mtutsi, amefiwa na nani, na kama uchungu wake ataumalizia kwenye karatasi yako ya mtihani.

Mimi niliulizwa kuliko wengi. Baba alikuwa muuza vitambaa wa mtaa wa Jabe, mjukuu wa Mwarabu wa Oman, na mama alikuwa Mrundi aliyesilimu. Mjini tuliitwa Waswahili tu, na wanafunzi wa pande zote mbili waliona sina sababu ya kuwadanganya. Nilipenda kuulizwa. Nilijiona mtu mkubwa.

Rafiki yangu wa karibu alikuwa msichana aliyekulia Mutakura. Vijana wa Kitutsi wenye silaha waliposafisha mtaa ule kwa kuwafukuza Wahutu, familia yake ya Kihutu ilitoka na magodoro mawili na redio, na yeye akaja kukaa kwa shangazi yake, mitaa michache kutoka kwetu. Tulikwenda chuoni pamoja na kurudi pamoja. Alikuwa na tabia ya kusoma huku midomo yake ikicheza bila sauti, kama anayesali. Nilikuwa namcheka kwa ajili hiyo.

Mwaka ule alitaka kozi ya mzee mmoja aliyefundisha historia ya lugha zetu. Mzee huyo alikuwa Mtutsi, mkali, mwenye koti moja la kijivu, na alipokea wanafunzi wachache tu. Rafiki yangu alikuwa amempelekea mwenyewe barua, kurasa mbili, kumweleza utafiti aliotaka kufanya juu ya maneno ya Kirundi ya kilimo. Hakumwambia mtu isipokuwa mimi.

Tukiwa kwenye foleni, sahani mkononi, akaniuliza.

"Ule muzee wa historia, we unamuona je? Nimuchague?"

Wasichana watatu waliokuwa mbele yetu wakageuka. Mmoja akadakia kabla sijafungua mdomo. "Ule? Mama yangu! Yule atakukata pointi mupaka ulie. Na mule ndani, wa kwenu utakuwa peke yako, unajua."

"Sijakuuliza," rafiki yangu alimjibu, akaendelea kuniangalia mimi.

Sasa, mimi nilimjua yule mzee. Alikuwa mteja wa baba. Asubuhi moja ya zile siku ambazo vijana kama wale waliufunga mji kwa nguvu, mwanafunzi wake mmoja Mhutu alikimbilia dukani kwetu, ambako baba alikuwa ameacha mlango mmoja wazi, na vijana wakasimama mlangoni wakimsubiri atoke. Mzee alikuwa ndani akichagua kitambaa. Alikiweka kitambaa mezani, akamshika yule kijana mkono kama baba anayempeleka mtoto shule, akapita naye katikati yao. Baba alibaki ameshika mkasi wake hadi wakapotea kwenye kona. Baadaye aliniambia, "Mwanangu, yule ni mtu."

Nilipaswa kusimulia hayo pale pale. Lakini wale watatu walikuwa wananitazama, na niliwaza: nikisema ndiyo, na kesho akapatwa na jambo, litakuwa juu yangu. Nikasema, "Achana naye. Chukua ule mwingine, wa fasihi. Ni mupole."

"Kweli?"

"Kweli. Mi naona hivyo."

Akaitikia kwa kichwa taratibu. Foleni ikasogea, tukapewa maharagwe yetu, tukala. Wiki ile akajiandikisha kwa yule mpole.

Wiki hiyo hiyo nami nikajiandikisha kwa mzee.

Nimejiuliza mara nyingi kwa nini. Nilijua ni mwalimu mzuri, na nilijua mimi, binti wa Jabe, nitakuwa salama mle ndani. Sijui kama ndani yangu kulikuwa pia na furaha kwamba nafasi moja imebaki wazi. Nilimwambia rafiki yangu kwamba nimepelekwa huko na ofisi ya fakilti. Alisema, "Pole," na alimaanisha.

Siku ya kwanza tulikuwa wanne katika chumba cha watu thelathini. Dirisha moja halikuwa na kioo, na kutoka milimani tulisikia milio ya mbali ya bunduki ambayo hakuna aliyeizungumzia tena. Mzee aliita majina, akakunja karatasi, akauliza, "Yule binti aliyeniandikia juu ya maneno ya kilimo yuko wapi? Nilimwekea nafasi."

Akanitazama kwa sababu alikuwa ametuona tukitembea pamoja.

"Amebadilisha mawazo, Profesa," nilisema.

"Haya," alisema. Akageuka, akaanza kuandika ubaoni, na kwa saa mbili alifundisha kama mtu ambaye chumba chake kimejaa.

Yule profesa mpole alisafiri katikati ya mwaka, wakasema ni kikazi, na hakurudi. Kozi yake ikafungwa. Waliokuwa kwake waliambiwa wasubiri mwaka mwingine, lakini mtaa wa shangazi yake nao ulianza kusakwa, na rafiki yangu hakusubiri. Alikuja kuniaga kwa haraka mlangoni, akiwa na mfuko mmoja, akavuka mpaka kwenda Uvira. Mimi nilimaliza memwari yangu. Mzee aliisahihisha kwa kalamu nyekundu kila ukurasa, na sikumwambia ukweli kamwe.

Nilimwona tena rafiki yangu vita vilipokuwa vinaelekea mwisho, kwenye ofisi moja ya serikali kule Kigobe. Alikuwa amepungua mwili, na alikuwa na mtoto wa kike mgongoni. Alikuja kutafuta karatasi za mtoto. Tulikaa kwenye benchi, na nikamwambia yote: duka, mzee, nafasi aliyowekewa, ofisi ambayo haikunipeleka popote.

Alikaza kitambaa cha mtoto mgongoni.

"Kwa hiyo we ulisoma kwake."

"Ndiyo. Nilikuambia tu vile watu wote walikuwa wanasema."

"Watu wote nilikuwa nawasikia," alisema. "Mi nilikuuliza we."

Hakusema kwa hasira. Mtoto alianza kulia, akamhamishia kifuani. Kisha akaitwa dirishani. Alirudi na karatasi akanionyesha: jina la mtoto lilikuwa limeandikwa vibaya, ingebidi aanze upya. Akarudi mwisho wa foleni.

Nilisema nina kazi inanisubiri. Nilipofika barabarani niligundua kwamba sikumuuliza anakaa wapi. Ningeweza kurudi, foleni ile ilikuwa ndefu, angekuwepo. Basi la mjini likasimama mbele yangu, nami nikapanda.