Mashua ya Watu Wawili

Harufu inayonirudisha Vårby gård, mtaa wa utoto wangu huko Sweden, si ya chakula wala ya nyumba yetu. Ni harufu ya petroli na vumbi la plastiki iliyosuguliwa kwa msasa, inapochanganyika na majani mabichi na matope ya ziwa la Mälaren. Nikiinusa popote, hata kituo cha mafuta, mara moja nakuwa na miaka kumi na moja, magoti yana mikwaruzo, na nina hasira. Najua watu husimulia utoto wao wakitabasamu. Mimi kile kiangazi cha mwaka 2001 bado kinanikera, na nitakieleza hivyo hivyo kilivyokuwa, bila kukiremba.

Baba alikuwa akisafisha ofisi Kista, upande wa pili wa mji, zamu ya jioni. Nilipofika nyumbani kutoka shule, yeye alikuwa ameshapanda treni. Aliporudi, mimi nilikuwa nimelala. Jumamosi alilipa deni la usingizi na Jumapili ilikuwa ya kanisa, toka asubuhi mpaka jua linapopinda. Kwa miaka mitatu tangu tufike Sweden tuliishi nyumba moja tukipishana mlangoni kama wapangaji. Ndipo mwaka ule akaajiriwa moja kwa moja, na kwa mara ya kwanza akapata likizo ya kweli, wiki tano nzima. Wiki ya kwanza haijaanza, akanunua mashua kuukuu kwa mzee wa Kiswidi aitwaye Göran, ambaye boti yake mwenyewe ilifungwa kwenye gati la chini ya maghorofa yetu. Jioni hiyo baba aliketi kitandani kwangu, jambo ambalo hakuwa akilifanya, akaniambia, "Mapendo, tutaingia mu ziwa, mimi na weye tu." Nilizihesabu zile wiki tano kwenye kalenda ya jikoni. Zikiisha, anarudi zamu ya jioni, na mimi narudi kuishi na viatu vyake mlangoni.

Mashua yenyewe ilikuwa ya plastiki nyeupe iliyogeuka njano, urefu wa mita nne na kidogo, na mashine ndogo ya kuning'iniza nyuma. Baba alikuwa mtu wa Uvira, na kabla ya vita alivua ziwa la Tanganyika pamoja na wajomba zake, kwa wavu na taa. Lakini Göran alimweleza, mimi nikitafsiri, kwamba huku samaki mkubwa aitwaye gös hutafutwa kwa kukokota: mashua inakwenda polepole sana, vyambo vya bandia vinafuata nyuma kwa mbali, na fimbo za kuvulia zinasimama zenyewe kwenye vishikio mpaka moja ipinde. Nikaenda maktaba nikaazima kitabu chenye michoro ya kazi hiyo. Wiki ile ya kwanza tulifanya kazi sisi wawili peke yetu. Tulisugua, tukaziba ufa, tukakata mabomba ya maji kuwa vishikio viwili, kimoja kila upande. Tulitengeneza vibao viwili vya mbao vinavyofungwa kwenye mshipi ili vivute chambo pembeni, mbali na kelele ya mashine, cha kushoto kushoto na cha kulia kulia. Baba alinifundisha fundo la wajomba zake, linalokaza zaidi kadiri samaki anavyovuta. Nililifunga mara hamsini mpaka vidole vikauma, na nilikuwa na furaha kuliko siku yoyote ninayoikumbuka.

Ni kweli hatukuzungumza sana. Yeye aliuliza kwa Kiswahili, mimi nikajibu kwa Kiswidi, kama watoto wote wa jengo letu walivyowajibu wazazi wao, naye akatikisa kichwa kama anayekubali na kuendelea kusugua. Sikuona shida yoyote. Kiswahili nilikisikia chote. Kukisema ndiko kulikonichosha, na Kiswidi kilikuwa karibu na ulimi. Jumamosi jioni kila kitu kilikuwa tayari: fimbo mbili, vibao viwili, viti viwili, jaketi mbili za kuokolea. Tungeingia ziwani Jumatatu asubuhi. Nikalaza nguo zangu kwenye kiti kama mtu anayekwenda uwanja wa ndege.

Kesho yake, wakati wa matangazo kanisani, baba alisimama. Hakuwa mtu wa kusimama. Akashika kofia mkononi na kulijulisha kusanyiko kwamba Mungu amemjalia mashua. Mtu asiyetujua hawezi kuelewa uzito wa kosa hilo. Sisi watu wa Kivu ukitutangazia kitu, hatupigi makofi tukaondoka, tunakiundia kamati. Kabla chai haijapoa mashua yetu ilikuwa na rais, ambaye ni Papa Bahati, aliyekuwa mwalimu mkuu Bukavu na sasa anaendesha basi, na ambaye hajawahi kuvua hata dagaa. Ilikuwa na mshauri, Nzeyimana, Mrundi wa Rumonge aliyekuja kwa treni kutoka mtaa wa Rissne na aliyejua samaki kweli, ila wa ziwa jingine. Ilikuwa na katibu, kijana wa kwaya mwenye mwandiko mzuri. Baba, mwenye mashua, alipewa cheo cha makamu wa rais, naye akashukuru.

Jumatatu hatukuingia ziwani, kwa sababu kamati ilikuwa haijakagua. Walipokagua, Papa Bahati aliizunguka mashua mara tatu, mikono nyuma, kama anakagua madaftari. "Iko muzuri," akasema, "lakini iko na mapungufu." Basi mapungufu yakaanza kuletwa, moja moja, na kila moja lilikuwa zawadi, na zawadi ya mwenzako huikatai. Nzeyimana alileta taa kubwa na mlingoti wa chuma wa kuitundikia, kwa sababu kwao na kwetu samaki hufuata mwanga. Nilimwambia baba kwamba huku mwezi wa Julai giza lenyewe halipo, taa itamwangazia nani? Akatikisa kichwa. Taa ikadai betri ya gari, betri ikadai sanduku, sanduku likadai ubao wa kulishikilia. Katibu alileta jokofu la plastiki la kuwekea samaki ambao hatujawapata, kubwa kiasi kwamba ningeweza kulala ndani yake. Ikaamuliwa fimbo mbili ni dharau kwa mashua ya watu wazima, ziwe nne, na vibao vinne. Mwishowe Papa Bahati akaleta kiti cheupe cha plastiki, chenye mikono, kikafungwa katikati kwa skrubu. Kilikuwa cha rais.

Wiki ya pili ikaisha hivyo, na ya tatu, na ya nne. Kila asubuhi niliamka nikauliza, "Pappa, ska vi åka idag?", yaani tunakwenda leo, na kila asubuhi kulikuwa na mtu anakuja na kitu. Mvua haikunyesha hata siku moja. Göran alitoka alfajiri na fimbo zake mbili na chupa yake ya kahawa, akarudi saa tatu na samaki wake mmoja, akatukuta tunatoboa matundu. Siku moja alisimama, akaitazama mashua kwa muda, akaniambia mimi, kwa sababu mimi ndiye niliyekuwa mdomo wa kamati, kwamba ni nzito mno. Nikawatafsiria. Kwa mara moja nilisema Kiswahili changu chote, polepole, ili kisikosewe: "Anasema ni nzito. Anasema tutoe vitu." Papa Bahati akacheka, akanipiga begani. "Umwambie, sisi tulitoka kwa ziwa yenye haina mwisho." Nikamtazama baba, anisaidie. Alikuwa ameinama, anakaza skrubu za kile kiti.

Tuliishusha Jumamosi ya mwisho ya likizo. Mchungaji aliomba sala ndefu. Akina mama walileta sambusa na soda, na mama yangu alivaa kitenge cha harusi. Mimi nilikuwa nimeshaingia tangu sala haijaanza, nimekaa mbele kabisa, jaketi imefungwa mpaka kidevuni, nimeshika kitabu cha maktaba ambacho tarehe yake ya kurudishwa ilikuwa imepita. Akaingia baba, akaketi kwenye mashine. Akaingia Papa Bahati kwenye kiti chake. Akaingia Nzeyimana na taa yake. Akaingia katibu na daftari. Kila aliyeingia, mashua ilishuka, na nyuma maji yakabakiza upana wa kiganja kufika ukingoni. Kwenye kibao cha bati ubavuni pameandikwa watu watatu, nami nikakisoma kwa sauti. Baba aliwatazama wageni wake mmoja mmoja. Kisha akanitazama mimi.

"Mapendo, shuka kidogo, mama. Tutarudi kukukamata."

Kwetu kumkamata mtu ni kumchukua. Nilishuka. Hilo ndilo linaloniudhi hata leo, kwamba nilishuka bila neno, nikiwa mtoto mwenye adabu, nikasimama gatini na watu wanapiga vigelegele. Hawakufika mbali. Walitupa mishipi minne kwa pamoja, kibao cha kushoto wakakifunga kulia, jambo ambalo lilikuwa kwenye ukurasa wa kwanza wa kitabu changu. Vibao vikaelekeana, mishipi ikasukana, na Papa Bahati akasimama juu ya kiti ili apigwe picha. Baba akakata kona kumzuia asianguke, mishipi ikaingia kwenye mashine, mashine ikazima, na maji yakaruka nyuma kama mtu anayemwaga ndoo. Göran ndiye aliyewavuta kwa kamba, polepole, taa ikiwa bado imesimama kwenye mlingoti wake mchana kweupe. Waliteremka wamelowa mpaka kiunoni, wakicheka mpaka wakashikana mabega. Baba alicheka kuliko wote. Akanijia, mikono wazi, akaniambia sasa ni zamu yangu. Nilimjibu kwa Kiswidi kwamba sitaki kwenda naye popote, kamwe. Sentensi zangu zote za kiangazi kile alizitikisia kichwa. Ile moja aliielewa, maana mikono yake ilishuka. Jumatatu alirudi kazini. Mashua ikakaa chini ya turubai mpaka ilipouzwa, na kamati iliendelea kukutana mwaka mmoja zaidi.

Kwa miaka mingi niliamini kwamba baba alichagua wenzake kuliko mimi. Mama ndiye aliyenivuruga. Nilikuwa mtu mzima tayari, tunakunja mashuka, nikalitaja lile jambo kwa uchungu wangu wa siku zote, naye akasimama na ncha za shuka mkononi. "Baba yako alikuwa anakuogopa weye," akasema. "Ile Jumamosi mulimaliza, alikuja kwa jikoni akaniuliza: masaa manne mu maji na huyu mtoto, tutasema nini? Mimi sisikii luga yake, na yangu hanijibu." Nilikaa juu ya mashuka. Ningependa kusema kwamba hasira iliisha hapo. Haikuisha, iligawanyika tu: nusu kwake, mtu mzima aliyeita kanisa zima limkinge na binti wa miaka kumi na moja, na nusu kwangu, niliyekuwa na maneno yote kinywani na nikaona uvivu kuyatoa.

Siku hizi mimi ndiye ninayebadilisha treni katikati ya mji kwenda Kista, kwenye majengo yale yale. Kiswahili nimekirudia ukubwani, kwa vitabu na kwa wenzangu Watanzania wa kazini, na baba hunicheka kwamba nazungumza kama redio. Yeye Kiswidi alikipata taratibu, kwa miaka ya kusikiliza watu wa ofisini, na sasa huandika ujumbe mrefu ambao mimi mwenyewe hunipasa niusome mara mbili. Mgongo umemwishia. Kiangazi kilichopita nilimpigia simu, nikamwambia nimekodi mashua ya makasia, Jumamosi, fimbo moja, chambo kimoja, mimi na yeye tu. Akasema sawa.

Nilipofika gatini nilimkuta amesimama na Papa Bahati, sasa mvi tupu, aliyeshika kiti cheupe cha plastiki.

Nilisikia ile harufu ya petroli ingawa mashua yangu haikuwa na mashine. Sikubishana. Niliingia kwanza, nikakaa mbele kabisa, nikafunga jaketi mpaka kidevuni. Kisha nikasema kwa heshima yote niliyofundishwa, "Papa Bahati, ungoje hapa kidogo. Tutarudi kukukamata." Mzee akafungua mdomo. Baba alimtazama rafiki yake, akakitazama kiti, akanitazama mimi. Halafu akakichukua kile kiti, akakiweka kivulini, akamkalisha rais wake taratibu, na akaingia.

Aling'ang'ania kupiga makasia mwenyewe, mgongo au sio mgongo. Nilifunga chambo kwa fundo la wajomba zake, nikauachia mshipi. Tulikokota mpaka maghorofa ya Vårby yakawa madogo na Papa Bahati akawa nukta nyeupe. Nikamuuliza, kwa Kiswahili, kama bado ananiogopa.

Alivuta makasia mara mbili kabla ya kunijibu, na alinijibu kwa Kiswidi.

"Lite," akasema. Kidogo.